Sogeza Jicho, Usilivute Gari

Tairi kubwa kuliko mlango, paa lililolala hadi karibu ligusane na boneti, pua iliyochongoka kama ya papa, na chini yake lami inayong'aa kana kwamba mvua imekatika sasa hivi. Hiyo ndiyo picha ambayo wengi wanaoanza kuchora magari ya dhana, yaani magari ambayo bado hayajatengenezwa na pengine hayatatengenezwa kamwe, hukimbilia kuiiga. Kwa macho haina ubaya. Ubaya hujitokeza mtu anapouliza maswali ya kawaida: dereva ataingiaje humu, magoti atayaweka wapi, na tairi hilo likikata kona litapita wapi bila kukwaruza bodi? Mchoraji hana jibu, kwa sababu alipotaka gari lionekane na nguvu alilivuta. Akalirefusha hapa, akalibana pale, akakuza tairi. Alitia chumvi kwenye gari lenyewe. Ushauri wa makala haya ni kwamba chumvi katika mchoro wa gari la dhana ni ya lazima, lakini mahali pake ni kwenye jicho la mtazamaji: linaposimama, kimo chake, na umbali wake kutoka kwenye gari. Vipimo vya gari viachwe kama vilivyo.

Anayetetea uvutaji ana hoja nzuri, na ni haki aanze yeye. Kati ya mwaka 1959 na 1971, Art Fitzpatrick na Van Kaufman walichora matangazo ya Pontiac nchini Marekani, Fitzpatrick akishika gari, Kaufman akishika mandhari na watu. Kampuni ilikuwa ikijisifu kwamba magari yake yana nafasi pana kati ya tairi la kushoto na la kulia, na katika michoro ya wawili hao magari yalitanuka kuliko yalivyotoka kiwandani. Michoro hiyo inapendwa hadi leo, na inastahili. Lakini tangazo ni shahidi wa pili. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa dukani. Mteja aliyevutiwa na picha alikwenda akalizunguka, akafungua mlango, akaketi, na chumvi ya mchoraji ikasahihishwa na bati. Gari la dhana halina bati la kuwasahihisha watu. Mchoro ndio shahidi pekee, na unachorwa ili mtu mwingine aufanyie kazi. Harley Earl, aliyeanza kuongoza idara ya mitindo ya General Motors mwaka 1927, aliifanya michoro iishie kwenye udongo wa kufinyangia, na Buick Y-Job ya mwaka 1938, ambayo wengi huihesabu kuwa gari la dhana la kwanza, lilikuwa gari la kuendeshwa, naye mwenyewe alitembea nalo barabarani. Mfinyanzi, mhandisi, au fundi wa bodi mwenye karakana yake atapima kwa kile alichochorewa. Ukimshushia paa kwa sentimita 20 ili gari lipendeze, yeye atalazimika kulipandisha, na gari litakalotoka mikononi mwake halitakuwa lako tena.

Ili jicho lisogezwe ni lazima kwanza lijulikane lilipo. Hapa ndipo panapohitajika pespektivu, ile elimu ya kuonyesha kina kwenye karatasi bapa, na inayohitajika ni kidogo kuliko unene wa vitabu vyake unavyotisha. Leon Battista Alberti aliandika misingi yake huko Italia mwaka 1435, na haijabadilika: mistari inayokwenda sambamba na ardhi kwa uelekeo mmoja huonekana kukutana kwenye nukta moja, na nukta hizo za mkutano hukaa kwenye mstari wa upeo. Kinachosahauliwa ni kwamba mstari wa upeo ni rula. Kwenye ardhi tambarare hukata kila kitu kwenye kimo kile kile, na kimo hicho ni cha jicho. Jicho likiwa mita 1.6 kutoka ardhini, mstari utapita kwenye mita 1.6 ya kila mtu, kila nguzo na kila gari, liwe karibu au mbali. Chukua Toyota HiAce ya umbo lililotoka mwaka 2004, ile ya bodi nyembamba na paa la kawaida, ambayo ni mwenyeji kwenye stendi nyingi za Afrika Mashariki. Kimo chake ni mita 1.98. Mtu wa macho ya mita 1.6 akisimama mbele yake, mstari wake wa upeo unapita sentimita 38 chini ya paa, kwenye usawa wa vioo, na paa lenyewe halioni. Akichuchumaa, gari lile lile linamwinukia kama ukuta. Hakuna milimita iliyoongezwa popote, na tayari chumvi imekolea.

Umbali wa jicho nao una hesabu yake, ingawa wengi huubahatisha. Tuseme gari linachukua sentimita 20 za upana wa karatasi, nalo limekaa mshazari kwa nyuzi 45, ubavu na pua vikionekana sawa. Nukta mbili za mkutano, ya ubavu na ya pua, zikiwa zimeachana kwa sentimita 110 hivi, gari huonekana tulivu, kama limepigwa picha kwa lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya barabara. Zikisogeleana hadi sentimita 75, mtazamaji amekaribia, na kona iliyo mbele yake inaanza kuwa na uzito. Kwenye 55 gari linamjia. Chini ya 35 umeshavuka upana wa nyuzi 60 ambao walimu wa pespektivu huuweka kama mpaka, na kuanzia hapo matairi ya pembeni huvimba na kugeuka mayai hata kama kila mstari umechorwa kwa haki. Kwa hiyo ukali wa mchoro una ngazi, na mchoraji anaweza kuchagua ngazi badala ya kutegemea bahati ya mkono. Tatizo ni kwamba karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7 tu, na wanaoanza, wakitaka nukta zote ziingie humo, hujikuta kila gari lao limepinda bila wao kujua sababu. Dawa yake ni ya fundi mwashi: bandika karatasi katikati ya ubao au meza, gonga misumari miwili pembeni kabisa, funga uzi. Uzi ukivutwa kutoka kwenye msumari ndio rula yako.

Matairi yanastahili muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, maana ndiyo yanayomwambia mtazamaji ukubwa wa gari na mahali ardhi ilipo. Duara likitazamwa kwa mshazari huwa duaradufu, na duaradufu ina mihimili miwili, mfupi na mrefu. Kanuni ya kushika ni kwamba mhimili mfupi hufuata ekseli. Ukichora ekseli kwanza, kama mstari unaokwenda kwenye nukta yake ya mkutano, kisha ukajenga duaradufu juu yake, tairi litasimama. Ukianza na duaradufu na kuacha ekseli ijipeleke, tairi litaonekana limechomoka. Jicho likiwa kwenye kimo cha kitovu cha tairi, ekseli hulala juu ya mstari wa upeo na duaradufu husimama wima. Jicho likipanda, duaradufu huanza kuinama, na wengi hukosea hapa kwa kuzichora wima daima kwa sababu akili inajua kwamba tairi liko wima. Kipenyo cha tairi ni kipimo pia. Tairi la HiAce tuliyoitaja lina kipenyo cha karibu sentimita 69, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.57, sawa na vipenyo vitatu na robo tatu hivi. Mchoraji anayejua namba hiyo anaweza kujenga mraba wa tairi la mbele, kuurudia kuelekea nyuma kwa njia ya milalo, yaani mistari ya kona hadi kona, na kujua ekseli ya pili inatua wapi kabla hajachora mstari hata mmoja wa bodi. Asiyeijua atarefusha gari kila anapolipenda.

Bado kuna swali ambalo jiometri hailijibu: jicho lisogezwe wapi? Mazoea yanasema lishushwe, karibu na lami, kwa kuwa hapo kila gari huonekana shujaa. Mazoea haya yanaua dhana nyingi. Kampuni ya Kiira Motors ya Uganda, iliyochipuka kutoka kwenye mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere uliotoa gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, ilionyesha mwaka 2016 basi la Kayoola, la abiria 35, lenye paneli za sola juu ya paa. Lichore basi hilo kwa jicho lililo kwenye kimo cha kitovu cha tairi: utapata basi lenye kifua, na utakuwa umeficha kitu pekee kinacholitofautisha na mabasi mengine. Lipandishe jicho mita tano, mahali anaposimama mtu kwenye baraza ya ghorofa ya kwanza, na paa litafunguka kama ukurasa. Kinyume chake kuna Lancia Stratos Zero, iliyochorwa na Marcello Gandini akiwa kwenye studio ya Bertone na kuonyeshwa Turin mwaka 1970. Kimo chake kilikuwa sentimita 84. Dhana nzima ilikuwa ufupi wake, na mtu angedhani gari la namna hiyo linahitaji jicho la chini. La hasha. Jicho likishuka ardhini, gari fupi huonekana refu, kwa sababu paa lake linapanda juu ya mstari wa upeo. Ufupi huonekana jicho linapobaki mita 1.6 na mtu akasimama kando, paa likamfikia chini ya kiuno. Jicho la chini lina kazi yake kwa lori, kwa gari la porini, kwa matatu inayotaka kutawala barabara. Kwa dhana nyingine, swali la kwanza liwe hili: jambo jipya la gari hili liko sehemu gani ya mwili wake, na mtu angesimama wapi ili alione kabla ya mengine yote?

Mtu aweza kuishika Stratos Zero hiyo hiyo na kuigeuza kuwa pingamizi. Kama gari la sentimita 84 lilijengwa kweli, nani wa kusema paa lililolala ni chumvi? Tofauti iko kwenye mlango. Gandini hakuacha swali la kuingia hewani: kioo cha mbele kilifunguka kwenda juu, na dereva aliingia kupitia hapo. Ule ulikuwa uamuzi uliokubali gharama zake, na kila kipimo cha ajabu kilidai ufumbuzi wa ajabu. Unaruhusiwa kubuni gari la sentimita 84. Usichoruhusiwa ni kubuni gari la mita 1.4 na kulichora la sentimita 84 kwa sababu linapendeza hivyo.

Pingamizi lenye uzito zaidi hutoka ndani ya studio za magari zenyewe. Wasanifu wa kulipwa hukuza matairi kwenye michoro yao ya mwanzo na kupunguza vioo, na hakuna anayewafukuza kazi. Ni kweli. Lakini ile ni lugha ya nyumbani. Anayeutazama mchoro huo ni mwenzake wa meza ya pili, aliyeona mamia ya michoro ya aina hiyo, na anajua apunguze kiasi gani kichwani mwake. Baada yake kuna watu wa vipimo ambao kazi yao ni kuurudisha mchoro ardhini. Kijana anayechora Mwanza au Mombasa, na kumpelekea mchoro mwekezaji au mwenye gereji, hana watu hao katikati. Anazungumza lugha ya nyumbani na mgeni. Na hata ndani ya studio, anayekuza tairi kwa kujua hufanya hivyo baada ya kuweza kulichora kwa kipimo chake halisi.

Kutia mwanga na rangi kunafuata sheria ile ile, na hapa makosa huwa ya aina moja. Rangi ya gari hung'aa, na kitu kinachong'aa huonyesha vilivyokizunguka zaidi kuliko kinavyojionyesha chenyewe. Sehemu zinazotazama juu, yaani boneti, paa na mabega ya bodi, hubeba mbingu. Sehemu zinazoelekea chini, kama ubavu ulio chini ya mkunjo wa milango, hubeba ardhi. Katikati hupita taswira ya upeo, mstari mweusi kiasi, unaopinda kila bodi inapopinda, na mstari huo husimulia umbo kuliko mistari yote ya penseli. Anayeanza hupaka ubavu weusi na weupe kwa kupamba, michirizi huku na huku kama mkeka wa ukindu, na gari linapoteza mwili. Ajiulize kila mahali: uso huu unatazama wapi, na huko kuna nini? Syd Mead, aliyehitimu shule ya Art Center ya Los Angeles mwaka 1959, akafanya kazi Ford na baadaye kubuni magari ya filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, alichora magari yake yakiwa ndani ya mahali kamili penye watu, majengo na anga, na kwa hiyo mng'ao wa bodi zake ulikuwa na kitu cha kuakisi. Mambo aliyoyabuni hayakuwepo, lakini mwanga wake uliwajibika.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havilisemi, na si kosa lao. Karibu vyote huweka jua juu ya bega la mtazamaji, kwa mshazari, na kivuli kulala pembeni. Dar es Salaam jua la saa sita hupita karibu utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena Oktoba. Kwa mwanga huo paa na boneti huwaka, ubavu huwa kwenye giza, na kivuli hujikusanya chini ya gari kama shuka iliyoangushwa. Ubavu ule wa giza huangazwa kutoka chini na ardhi yenyewe, iwe mchanga mweupe au udongo mwekundu. Ni mwanga mgumu kuuchora, lakini daladala ya dhana iliyochorwa kwa jua la California huonekana imekuja likizo. Kivuli cha chini ya gari, kwa vyovyote, kichorwe mapema na kiwe cheusi kuliko kitu kingine chochote, hasa pale tairi linapogusa lami. Vimulimuli vyeupe vije mwisho, na viwe vichache. Kwa vifaa, kalamu za maka za kijivu tatu, ya mwanga, ya kati na ya giza, zinatosha kwa miezi mingi. Pakiti ya rangi 60 huchelewesha zaidi ya kusaidia.

Kisha kompyuta. Programu ya Blender inapatikana bure, inaweka nukta za mkutano yenyewe na haikosei duaradufu. Kwa nini basi kuhangaika na misumari na uzi? Kwa sababu ndani ya Blender kuna kamera, na kamera inasubiri kuambiwa isimame wapi, kimo gani, kwa lenzi gani. Hayo ndiyo maswali yale yale. Asiyeyafahamu huiacha kamera pale programu ilipoiweka, na gari lake jipya hutoka kama bidhaa ya katalogi. Zaidi ya hapo, penseli hutoa mitazamo kumi kwa saa moja kabla umbo halijaganda, ilhali kielelezo cha kompyuta hudai ujue vipimo kabla hujajua unachotaka. Programu zinazotunga picha kutokana na maneno zinaongeza uhitaji wa jicho lililofunzwa: hutoa gari la kuvutia lenye ekseli zisizolingana, na aliyezoea kufuata mhimili mfupi huliona kosa mara moja.

Pingamizi la mwisho ni la kwetu pwani. Mafundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, wameunda vyombo vinavyokata mawimbi bila mchoro wowote, kwa jicho na mkono tu. Nani atawaambia wanahitaji pespektivu? Hawahitaji. Fundi wa jahazi hurithi umbo. Mababa na mababu wameshalijaribu baharini, na makosa yake yameshazama. Mchoro wake uko kwenye jahazi lililotangulia. Gari la dhana halina lililotangulia, ndiyo maana likaitwa la dhana, na karatasi inabidi ifanye kazi ya mababu hao.

Anza basi na kitu kilichopo. Nenda stendi na utepe wa kupimia, pima kipenyo cha tairi la HiAce na umbali wa ekseli zake, halafu rudi ulichore mara tatu kwa vipimo hivyo hivyo: jicho likiwa kwenye kitovu cha tairi, jicho la mtu aliyesimama, na jicho la baraza ya ghorofani. Rudia zoezi hadi magari matatu yaonekane kuwa gari moja. Baada ya hapo bodi ya HiAce iondoe, ibaki mihimili na matairi, na juu yake jenga gari lako la kubuni, la ajabu kadiri unavyotaka. Mpelekee fundi wa bodi mchoro huo bila maelezo yoyote na umwombe akadirie kimo cha paa. Akikosea kwa zaidi ya kiganja, usimlaumu. Rudi uangalie mstari wako wa upeo unapita wapi.